Msimulizi wa Tatu wa Leitir Chaol

Dublin, 6 Novemba 1966

Kwako Mjomba Beairtle,

Mungu na Mariamu wawe nawe, na wamkumbuke pia punda wako, maana Mama ameniandikia kwamba Jumapili alikufuata hadi mlango wa kanisa na kutaka kuingia. Mimi ni mzima. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta. Mwenye nyumba hutupa kabeji siku zote za wiki isipokuwa Ijumaa, ambapo hutupa samaki aliyechemshwa pamoja na kabeji.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Najua Mama huwaambia watu wa Leitir Chaol kwamba nasomea ualimu, kwa sababu anaona haya kusema mtoto wake amepelekwa chuo kikuu kusomea hadithi ambazo angezisikia bure jikoni kwa Learaí Choilm. Ana haki ya kuona haya. Nilipozisikia bure nililala. Ndiyo sifa yangu ya kwanza ya kitaaluma.

Profesa Mac Aogáin amekubali tasnifu yangu iwe juu ya hadithi ndefu ya Learaí, ile ya Mwanamfalme Asiye na Kivuli. Anaitaka nzima, pamoja na zile mbio zake zote, yaani vile vipande vya maneno ya kale ambavyo Learaí huvikimbiza bila kuvuta pumzi kila shujaa anapopanda merikebu au kufika kwenye mlango wa jitu. Hakuna aliyewahi kuinasa kwenye mashine ya kanda. Lakini Learaí, kama unavyojua, hafungui mdomo juu ya mashujaa kuanzia Mei Mosi hadi sikukuu ya Watakatifu Wote, na chuo hakitanisubiri baridi nyingine. Nisipoipata kabla ya Mei Mosi sina tasnifu, na nisipokuwa na tasnifu nitarudi nyumbani na sanduku langu, na Mama itabidi atunge uongo mpya.

Wewe ndiye mtu wake. Kila jioni ya baridi uko kwenye kile kiti cha pili karibu na moto wake. Tafadhali niombee.

Mpwa wako,
Baibín


Leitir Chaol, 19 Novemba 1966

Mpwa wangu Baibín,

Nimeipata barua yako siku ya mvua, kwa hiyo nashindwa kukumbuka ilikuwa siku gani. Mama yako ni mzima na ananiambia nikuambie uvae soksi mbili. Viazi vimetoka vidogo lakini vingi. Punda hakutaka Misa, alitaka joto, kama wengi wetu.

Nilikwenda kwa Learaí jioni ileile. Nilianzia mbali, kama inavyopasa: upepo, kisha kondoo, kisha wafu. Tulipowamaliza wafu wa mwaka huu nikamwambia:

"Baibín wa Neain anaitaka hadithi yako."

"Ipi?"

"Ya Mwanamfalme."

"Aifanyie nini?"

"Aisomee."

"Yule? Si ndiye aliyekuwa akikoroma hapo kwenye gunia la sufu, hadi nikadhani jitu limeingia kabla sijaliita?"

"Ndiye huyo. Sasa wanamlipia akae macho."

Akacheka, na Learaí akicheka ujue ameshakubali ila anatafuta masharti. Sharti ni moja tu. Hatasimulia mbele ya mtu yeyote wa ng'ambo ya daraja. Anasema wale ni wezi: wakiisikia hadithi mara moja, kesho utaikuta sokoni imenyolewa na kuvishwa kofia. Njoo Krismasi.

Hukuniuliza kama mimi nami ninazo hadithi, na umefanya vyema. Unajua ninavyoitwa hapa: msimulizi wa tatu katika kijiji chenye wasimulizi wawili. Yule wa pili, Mungu amrehemu, alifariki kabla ya mavuno, na mimi bado ni wa tatu. Ninazo mbili tatu za kwangu ambazo hakuna mwingine aliye nazo, labda kwa sababu nzuri. Nakutajia tu, isije ikasemwa sikutaja.

Mjomba wako,
Beairtle


Dublin, 17 Januari 1967

Mjomba mpendwa,

Nimefika salama na yule bata bukini wa Krismasi bado yuko nami, sasa akiwa mchuzi. Mwenye nyumba alipoonja alinitazama kana kwamba nimekufuru mbele ya kabeji yake. Mwambie Mama soksi ni mbili.

Profesa amesikiliza kanda za Krismasi. Amesema sauti ya Learaí ni hazina. Alifumba macho pale merikebu ilipong'oa nanga. Bahati mbaya, kama ulivyoona mwenyewe, kanda ziliisha kabla hatujafika kwa jitu la tatu. Sikujua hadithi ni ndefu kiasi hicho. Wakati wangu ilikuwa ikiishia pale ninapolala.

Kwa hiyo lazima tuirudie yote Februari. Profesa amesema pia kwamba kuna mahali sauti ya Learaí haisikiki vizuri kwa sababu ya sauti nyingine. Kuna "Ehe!" na kuna "Mungu akupe pumzi!", na jitu la kwanza linapoinua rungu kuna mtu anasema, "Muue huyo mbwa!" Neno zima la kale limefunikwa, na Profesa anasema halijawahi kusikika popote tangu enzi za watawa.

Nimekuwa nikifikiria upepo wa Februari, na kifua chako. Naona ni bora jioni hiyo upumzike nyumbani kwako, mahali penye joto. Nisingependa ukohoe kwa ajili ya elimu.

Mpwa wako akupendaye,
Baibín


Leitir Chaol, 30 Januari 1967

Mpwa wangu,

Huku hatujambo. Upepo umeng'oa paa la banda la jirani na kuliweka vizuri kabisa kwenye shamba la jirani mwingine, nao wanabishana ni la nani.

Nimesoma barua yako tena na tena nikitafuta kikohozi changu. Sikukiona, nikadhani nimekiacha kwenye koti jingine. Lakini wewe ndiye msomi, nikaona lazima kipo. Jumapili nilijaribu kidogo wakati wa mahubiri na kikatoka vizuri tu. Mama yako akasikia, akanipaka kifua chote mafuta ya bata bukini. Sasa nanuka kama Krismasi na mbwa wote wa Leitir Chaol ni rafiki zangu.

Usiwe na wasiwasi. Nitakaa nyumbani. Nimekalia kiti kile tangu nikiwa na nywele, na jioni moja haiwezi kukiumiza.

Beairtle


Dublin, 27 Februari 1967

Mjomba,

Natumaini mafuta yamekausha kifua. Nilibisha mlangoni kwako siku ile ya kuondoka. Mama alisema uko ndani, na kweli nilisikia mtu anakohoa, tena kwa bidii.

Sijui nianzie wapi. Ilikuwa balaa. Tulikaa mimi na Learaí na mashine tu, kimya kama Profesa alivyotaka. Hata saa ya ukutani niliisimamisha. Viazi vilikuwa jikoni vinachemka alipoanza. Alipomaliza vilikuwa havijaiva. Mwanamfalme alipanda merikebuni, akashuka. Majitu yote matatu yalikufa ndani ya sentensi moja, kama watu walioanguka pamoja kutoka kwenye ngazi. Mbio hata moja hakuna. Kisha akaniuliza kwa upole, "Inatosha, mwanangu, au nikuongezee harusi?"

Profesa amesikiliza, akaweka kalamu chini. Anasema mapokeo yamekauka kwa msimulizi huyu, hutokea, tumechelewa. Amenishauri nitafute somo jingine, labda majina ya mashamba. Majina ya mashamba, Mjomba! Nimesoma kila kitabu kilichoandikwa juu ya wasimulizi wa Magharibi na nimechora ramani ya mahali moto unapokaa, mahali msimulizi anapokaa, hadi mahali kiberiti kinapokaa. Sasa nitahesabiwa mtu aliyefika kisimani na ndoo siku kisima kilipokauka.

Mashine nimeiacha kwa Mama. Nilisema ni nzito. Ukweli ni kwamba niliona aibu kupanda nayo basi.

Wewe unamwona Learaí kila siku. Ni uzee? Niambie ukweli. Mei Mosi inakuja.

Baibín


Leitir Chaol, 2 Aprili 1967

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kondoo kuzaa. Kondoo niliye naye ni mmoja, lakini alichukua muda wake.

Umeuliza kama Learaí amezeeka. Amezeeka kwa kadiri ya jana na leo. Nilirudi kwake kikohozi kiliponiachia, na maneno yetu yalikuwa haya, sikutia chumvi:

"Ulikuwa wapi siku ya mashine?"

"Nilikuwa na kikohozi."

"Kikohozi gani? Wewe hujawahi kukohoa hata moshi ukikuingia."

"Cha kitaaluma."

"Ulinitupa, Beairtle. Yule mtoto kichwa chini, anaandika. Nikisema farasi, anaandika. Nikisema farasi mwenye hatamu za dhahabu, anaandika vilevile, uso haubadiliki. Na ile mashine inazunguka, inazunguka, haisemi ndiyo, haisemi hapana, inanitazama kama Padri anayengoja nimalize dhambi ndogo nifike kwenye kubwa. Nikasema, aa, wacha wafe wote nikalale."

"Wanasema umekauka."

"Nani amesema?"

"Dublin."

"Dublin!" akasema, akatema mate motoni. Kisha, bila kuombwa, akanisimulia vita vya jitu la pili tangu giza lilipoingia hadi mboji tunayochoma badala ya kuni ikawa majivu, na wakati mmoja ilibidi nishike kiti.

Nakuandikia kama alivyosema. Mimi sina maoni. Mwenye kikohozi haulizwi maoni.

Beairtle


Dublin, 12 Aprili 1967

Mjomba Beairtle,

Nakusalimu nikiwa kitandani. Nina matubwitubwi. Uso wangu umekuwa kabeji, na mwenye nyumba kwa mara ya kwanza ananitazama kwa mapenzi. Daktari amenikataza kutoka wala kusafiri hadi katikati ya Mei.

Barua yako niliisoma, nikaamka na homa yangu, nikamwomba mwenzangu aniletee kanda za Krismasi. Nimezisikiliza tena, safari hii nikikusikiliza wewe. Ukisema "Ehe", Learaí anaongeza farasi. Ukisema "Mungu akupe pumzi", anaongeza bahari. Pale uliposema "Muue huyo mbwa", akaingia mbio ya upanga ambayo haimo hata kwenye maandiko ya zamani. Na kuna mahali uliinama kuwasha kiko: mwanamfalme naye anasimama njiani, anatazama mawingu, hana la kufanya, mpaka kiko kinawaka.

Nilichora ramani yenye kiberiti, Mjomba, nikamsahau mtu aliyekishika.

Hukuwa na kikohozi. Mimi ndiye niliyekupa. Profesa alisema sauti ile itolewe chumbani, na mimi badala ya kusema "sauti hiyo ni ya mjomba wangu", nikakutumia mafua kwa posta. Nisamehe.

Mashine iko kwa Mama. Siwezi kuja. Nakuomba wewe uende nayo kwa Learaí kabla ya Mei Mosi, ukae kwenye kiti chako, useme yote unayosema siku zote. Kitufe chekundu ndicho kinachonasa. Kanda mpya nne ziko ndani ya mfuniko. Hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho, na iko mikononi mwa watu watatu walioniambia wazi kwamba mashine ile ina shetani.

Mpwa wako mwenye haya na mashavu,
Baibín


Leitir Chaol, 2 Mei 1967

Baibín mpwa wangu,

Mungu aushushe uso wako. Mama yako amewasha mshumaa kwa ajili ya shavu la kulia, na wiki ijayo atawasha wa kushoto. Sisi wengine tuko salama, ingawa haikuwa hakika.

Jumapili, siku ya mwisho ya msimu, tuliipeleka mashine kwa Learaí juu ya mgongo wa punda, imefunikwa shuka, na watu waliokutana nasi walivua kofia wakidhani ni maiti ya mtoto. Neain ndiye aliyepewa kazi ya kitufe, kwa kuwa mikono yangu hutetemeka mbele ya kitu chochote chenye waya. Ukisikia mwanzoni mwanamke anauliza, "Nikiibonyeza itaniuma?", ni mama yako. Kisha kuna mbwa. Kisha ni mimi nikisema, "Inazunguka." Kisha Learaí: "Na izunguke. Mimi nasema na Beairtle."

Akaanza. Baibín, sikusimulii kilichomo, utakisikia. Nitasema tu kwamba merikebu iling'oa nanga na mimi nililowa. Nilipiga kelele zangu zote. Mwanzoni niliona haya, nikifikiria wasomi wamekaa meza ndefu wanasikiliza nikisema "Ehe", lakini baadaye nikawasahau, na kwenye jitu la pili nadhani nilitukana. Kanda ilipokwisha, Learaí alibaki mkono juu na rungu hewani huku Neain akipambana na gurudumu la kanda nyingine, na mashine ilipowaka akaushusha mkono palepale alipouacha.

Sasa kanda ya nne. Mwanamfalme amefika kwa jitu la tatu. Hapo ndipo penye mbio kubwa kuliko zote, ya mlango wa shaba, na ikikosekana hiyo, hadithi haina moyo. Learaí akasema, "Akasimama mlangoni." Akanyamaza.

Nilidhani anavuta pumzi. Kisha nikaona mkono wake unapapasa goti, kama mtu anayetafuta miwani gizani. Akanitazama. Maneno hayakuwepo. Amewahi kuyatafuta neno moja moja, lakini hivi, yote, hapana. Sijamwona hivyo hata siku moja. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyefika kwake akakuta nyumba haipo.

Nikuambie yaliyokuwa mdomoni mwangu. Mbio nzima. Bawaba, misumari, mbwa wawili na minyororo yao, nyoka juu ya kizingiti. Nimeisikia baridi baada ya baridi, naijua kama sala. Mashine inazunguka. Neain ananitazama kwa macho yanayosema, Beairtle, sasa. Ningefungua mdomo tu, na huko Dublin wangemsikia msimulizi wa tatu akimwokoa wa kwanza, na ingebaki hivyo kwenye kabati lenu hadi kiama. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Utaisikia hiyo pumzi, inafanana na ya ng'ombe anayeinuka.

Nikasema, "Akasimama mlangoni, Learaí. Mungu akushike mkono."

Kipande cha mboji kikaanguka motoni. Nikasema tena, polepole, kama mtu ambaye ndiyo kwanza ameipata habari hiyo na imemshangaza:

"Mlangoni kabisa!"

"Mlangoni kabisa," akasema Learaí kwa hasira, "na kama wewe hukuuona mlango ule, Beairtle mwana wa Máirtín, mimi niliuona!" Akakimbia. Bawaba, misumari, mbwa, nyoka, na juu ya nyoka akaweka kitu ambacho hakijawahi kuwapo, sitakuambia, nikaruka kwenye kiti. Hiyo sauti ya mti kuvunjika ni kiti.

Alipomaliza, akamimina gongo vikombe vitatu na kusema alinyamaza makusudi, kuona kama nimelala. Nikasema nilijua. Neain akasema yeye pia alijua. Tukanywa.

Nikarudi nyumbani, na njiani nikamsimulia punda ile mbio ya mlango, yote, bila kukosea hata neno. Akaendelea kula majani.

Mjomba wako,
Beairtle


Dublin, 8 Oktoba 1967

Mjomba wangu mpenzi,

Nisamehe kwa ukimya wa majira mazima. Uso ulirudi mahali pake, kisha ikabidi niandike, na mtu akiandika juu ya mazungumzo huwa hazungumzi na mtu. Mama ameniambia kiti kimetengenezwa.

Tasnifu imepita. Nasema kwanza hilo ili usome mengine kwa utulivu.

Profesa alisikiliza kanda zote nne asubuhi moja. Kwenye mbio ya mlango alisimama, akaenda dirishani. Kisha akarudi akiwa mtaalamu tena, akasema pale kwenye ukimya pameharibika, tupaondoe, na ile sauti ya pili pia. Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia hapana. Ilitoka kwa sauti nyembamba kama ya kuku.

"Yule mtu wa pili," akauliza, "anayajua hayo maneno?"

"Yote."

"Mbona hakuyasema?"

Nikasema, "Angeyasema, Profesa, tungekuwa na maneno, na Learaí tungekuwa tumempoteza."

Akarudisha kanda, akausikiliza tena ule ukimya, na ile pumzi yako ya ng'ombe. Akaagiza chai. Baadaye akaniuliza, akijifanya anatafuta miwani, kama una mpango wowote wa kuja Dublin. Nadhani ana jambo la kukusimulia.

Kwa hiyo tasnifu si ya Learaí tena, ni ya anayeitikia. Mtahini mmoja alilalamika kwamba nimemtegemea mno ndugu yangu. Nikamjibu kwamba sikumtegemea mapema vya kutosha. Nimebaki chuoni, Mjomba. Mama anaweza kuendelea kusema ni ualimu, sasa ni kweli.

Lipo jambo moja ambalo nilipaswa kukuuliza tangu barua ya kwanza, na nililikwepa, na wewe ukanisaidia kulikwepa. Krismasi nitakuja na mashine. Ningependa kusikia zile za kwako. Siombi kwa ajili ya chuo.

Baibín


Leitir Chaol, 14 Novemba 1967

Mpwa wangu Baibín,

Tumeipokea habari yako kwa furaha. Mama yako alilia, kisha akaenda kumwambia kila mtu ambaye kwa miaka hii alimwambia unasomea ualimu kwamba umekuwa mwalimu, nao wakasema ndiyo, tulijua.

Kuhusu ombi lako nilikaa nalo kwanza. Nilitaka kukujibu kwamba nimezisahau. Lakini jioni ya kwanza baada ya Watakatifu Wote Learaí alikuja kwangu. Fahamu kwamba huyu mtu hajawahi kuja kwangu. Siku zote mimi ndiye wa kwenda. Aliingia, akakaa karibu na moto, akaegesha fimbo yake ukutani, akasema:

"Haya."

"Haya nini?"

"Nimechoka kujisikia. Simulia wewe."

"Mimi?"

"Yuko mwingine humu?"

Nikamsimulia ya Mjane na Sili, yule mnyama wa baharini, hadithi ambayo bibi yangu alinipa na sijawahi kumpa mtu. Nikaenda nayo hadi mwisho. Sijui nilisimulia vizuri au vibaya, na sababu ya kutojua ndiyo nataka uielewe.

Baibín, ni msikilizaji gani yule! Mjane amefika ukingoni mwa maji, mtoto mgongoni, wimbi linakuja, mahali ambapo mtu yeyote mwenye damu angesema "Mungu akushike mkono": Learaí akauliza kama kuna chai iliyobaki. Sili anavua ngozi yake juu ya mwamba na kusimama mwanamume mzima mbele yake, mahali ambapo jiwe lingeguna: Learaí alikuwa anageuza viazi kwenye majivu. "Ehe!" alisema moja tu, kwa sauti kubwa, na ilikuwa nimenyamaza ili nipige chafya. Mwishoni akachukua fimbo. "Si mbaya," akasema, akaenda zake.

Mtu huyo mmemweka Dublin kwenye kanda nne, na hajui kabisa kusikiliza. Sikukasirika. Nilikaa pale nikamhurumia. Maisha yake yote hakuna aliyempa nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo lete mashine, sawa, na Neain atabonyeza, haogopi tena. Lakini mtu wa kuniitikia sina. Kaa wewe. Kalamu iache Dublin. Ninaanza kuogopa tangu sasa.

Mjomba wako,
Beairtle